Tusiwakimbize Wageni Wetu



Kila kiangazi kinapoingia hapa Uingereza, wageni nao huingia. Mama wa fulani anatoka Tanga, mjomba wa fulani anatoka Maskati, mtoto wa dada anatoka Mombasa na sanduku limejaa halua na ubuyu. Na kwa kila mgeni kuna Jumamosi moja ambayo mwenyeji ameshaiwekea alama kwenye kalenda kabla hata tiketi ya ndege haijakatwa. Ni siku ya kumpeleka mgeni London. Kuhusu Jumamosi hiyo tuna neno la kusema, na tutalisema bila kuzunguka.

Neno letu ni hili. Ziara ya siku moja ya kukimbia kutoka jengo hadi jengo, ambayo wengi katika jumuiya yetu wanaiona ndiyo heshima kubwa ya kumfanyia mgeni, si heshima. Inamchosha mgeni, inamaliza fedha, na mwisho wa siku mji wenyewe haukuonekana. Kwa kijana wa miaka ishirini ni siku iliyopotea tu, na siku nyingine zitakuja. Lakini kwa mzee wa miaka sabini, aliyehangaikia viza miezi mitatu na ambaye huenda hatapanda ndege tena, ni hasara isiyo na fidia.

Ratiba ya siku hiyo kila mmoja wetu anaijua kwa moyo, maana haibadiliki. Jumba la Malkia, ambalo siku hizi ni la Mfalme. Big Ben. Lile gurudumu kubwa la London Eye. Kanisa la Westminster, kwa nje. Trafalgar Square. Jumba la makumbusho la British Museum. Daraja la Tower Bridge. Kisha Oxford Street kununua zawadi. Mahali pa nane hapo, na tumeacha yule mwenyeji mwenye bidii zaidi anayeongeza Greenwich na uwanja wa mpira.

Sisi tuliosomea uhandisi tuna ugonjwa wa kuhesabu, basi mturuhusu tuhesabu. Tuchukue familia inayokaa mji wa mbali kidogo, kama Reading au Milton Keynes. Wanatoka nyumbani saa 1 asubuhi, wanafika katikati ya London saa 3, na saa 12 jioni wanageuza kurudi. Wana saa 9 mkononi. Mahali 8 panahitaji safari 7 za kati, na kila safari, ukijumlisha kutembea hadi stesheni, kushuka ngazi, kungoja treni, kupanda ngazi na kuulizana njia, haipungui dakika 25. Hizo ni karibu saa 3. Foleni nne za nusu saa nusu saa, saa 2. Kula, kusali, kutafuta choo na kumtafuta mtoto aliyebaki nyuma, saa moja na nusu. Zinabaki saa mbili na nusu, yaani dakika 150, za kugawanya kwa mahali 8. Kila mahali panapata dakika 18 na kitu. Toa dakika kumi za kupanga watu kwa ajili ya picha, na fulani asogee, na fulani avue kofia, na mpita njia aombwe apige nyingine. Zinabaki dakika nane.

Dakika nane! Mama ameruka nusu ya dunia, mwanawe amelipa mamia ya pauni, na mji wenye umri wa karibu miaka elfu mbili umepewa dakika nane kwa kila kituo. Hesabu hii haina fumbo, mtu yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu nyuma ya bahasha. Tunashangaa kwamba watu makini, wanaojua kupanga zamu za kazi na bajeti ya nyumba hadi senti ya mwisho, hawaifanyi.

Zipo hoja za kuitetea ziara hii, na ni haki tuzijibu moja moja.

Ya kwanza husemwa hivi: "Ametoka mbali, lazima aone vyote." Ndugu yetu, vyote haviwezekani. Hebu tuchukue British Museum peke yake. Wenyewe wanasema wana vitu kama milioni 8, na vilivyowekwa hadharani ni kama 80,000. Ukikipa kila kilichowekwa hadharani dakika moja tu, utahitaji saa 1,333. Ukikaa ndani kwa saa 7 kila siku, utatoka baada ya siku 190, na viza ya mgeni ya miezi sita itakuwa imekwisha hujafika chumba cha mwisho. Basi yule anayemwingiza mama yake kwa mlango mmoja na kumtoa kwa mwingine katika nusu saa hawezi kusema kwamba amemwonyesha British Museum. Amempitisha mle kama mtu anayekatiza uwanja wa jirani kwenda dukani.

Na katika jumba hilo hilo, hazina yao ina jiwe lililochongwa na mkono wa binadamu wa kale, lililotoka Olduvai kwetu Tanzania, linalokadiriwa kuwa na umri wa karibu miaka milioni mbili. Ina pia vigae vya vyungu vilivyookotwa Kilwa: vingine vya udongo wa kwetu, vingine vya Uajemi, vingine vya Uchina, ushahidi mkononi wa biashara ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2010 mkurugenzi wa jumba hilo, Neil MacGregor, alipotengeneza vipindi vya redio vya BBC vya kuisimulia historia ya dunia kwa vitu 100, vigae hivyo vya Kilwa vilikuwa kimojawapo. Muulize mwenyeji wa ziara ya mbio kama aliwahi kumwambia mgeni wake wa kutoka Lindi habari hizo. Atakwambia hawakuwa na muda, na kwamba walikuwa wanawahi gurudumu.

Hoja ya pili: "Watu nyumbani watauliza picha." Ni kweli, watauliza. Lakini picha za Big Ben zimejaa duniani kiasi kwamba hakuna mtu Tanga wala Mombasa anayengoja ya kwenu ili aijue sura ya saa ile. Kitu ambacho nyumbani hakipo ni maelezo. Bibi akirudi barazani na kukaa na wenzake, hawatamuuliza mnara una urefu gani. Watamuuliza, "Enhe, umeona nini?" Na mtu aliyeburuzwa mahali 8 kwa siku moja hujibu neno moja tu: "Mji mkubwa." Hana zaidi, kwa sababu hakupewa nafasi ya kupata zaidi.

Hata hiyo Big Ben, ambayo kila mtu ameipiga picha, ni wangapi wanaijua? Jina hilo ni la kengele iliyomo ndani. Mnara wenyewe tangu mwaka 2012 unaitwa Elizabeth Tower. Kengele hiyo ina uzito wa zaidi ya tani 13, na saa ile imekuwa ikihesabu tangu 1859. Na namna inavyorekebishwa ni jambo ambalo fundi yeyote wa saa wa Darajani au Kariakoo angelifurahia siku nzima. Juu ya pendulamu, yaani ule uzito unaobembea ndani, mafundi huweka sarafu za zamani za peni. Ukiongeza sarafu moja, saa inakimbia kwa sehemu mbili za tano za sekunde kwa siku. Ukiitoa, inarudi nyuma kwa kiasi hicho hicho. Saa maarufu kuliko zote duniani inaendeshwa kwa vipeni! Hadithi kama hiyo bibi anaibeba hadi Tanga bila kulipia mzigo, na wajukuu wataisimulia baada yake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nasi tunaiheshimu: "Hatuna muda. Tunafanya kazi zamu, usiku na mchana. Jumamosi hiyo moja tumeiomba kwa meneja kwa magoti." Tunajua. Wengi wetu tunatunza wazee wa watu, tunaendesha mabasi, tunapanga mizigo kwenye maghala, na likizo haitoshi hata kulala. Lakini ufinyu wa muda ndio sababu ya kupunguza. Bomba jembamba halipitishi maji mengi kwa kuwa mwenye nyumba ana haraka. Ukizidisha msukumo, linapasuka. Mwenye siku kumi anaweza kuipoteza moja kwa mbio asijute sana. Mwenye siku moja ndiye hasa asiyeweza.

Mbio zenyewe, isitoshe, zinaupoteza huo muda unaodaiwa kuokolewa. Chukua ile ramani ya treni za chini ya ardhi, ambayo wageni huifuata kama msahafu. Ilichorwa na Harry Beck, mtu aliyekuwa mchoraji wa michoro ya umeme, ikatolewa kwa umma mwaka 1933. Ni kazi ya akili sana, lakini haionyeshi umbali. Inaonyesha tu nini kimeunganishwa na nini, kama mchoro wa nyaya ndani ya redio. Kwenye ramani hiyo Leicester Square na Covent Garden ni stesheni mbili mbalimbali. Juu ya ardhi kati yake hapafiki mita 300. Kila siku watu wanateremka chini, wanangoja, wanapanda behewa, wanasafiri chini ya dakika moja, kisha wanapanda tena juu, ilhali kwa miguu wangefika mapema na kuona maduka njiani. Stesheni nyingi za zamani hazina lifti. Anayezipanda ngazi hizo mara kumi na nne kwa siku ni mama mwenye magoti mabovu.

Na mama huyo hatasema. Hapa wasomaji tunaomba mtusikilize vizuri. Mzee wa kwetu halalamiki ugenini. Ukimuuliza, "Umechoka, mama?" atakujibu, "La, mwanangu, twende tu." Kwake kulalamika ni kumvunjia moyo mwanawe aliyejinyima ili kumleta. Basi adabu yake inatumiwa kama ruhusa. Mwenyeji anasikia "twende tu" na kwenda, na jioni kwenye treni anaona mama amelala na viatu amevua, miguu imevimba, naye anajipongeza kwamba siku ilikuwa nzuri, mama amechoka kwa furaha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja, na mwenyeji wala mgeni hakuna aliyepona.

Ya nne ni hoja ya watoto: wakikaa mahali pamoja watachoka na kusumbua. Watoto hawachoshwi na mahali pamoja, wanachoshwa na mahali pasipo na hadithi. Mtoto aliyeelezwa kwamba saa kubwa inarekebishwa kwa sarafu atauliza maswali ishirini. Mtoto aliyeambiwa "simama hapo, tabasamu, haya twende" anajifunza jambo moja tu: kwamba miji, majengo na historia za watu ni pazia la kusimama mbele yake. Akifundishwa hivyo London, hivyo hivyo atakwenda nyumbani. Atapigwa picha mbele ya Ngome Kongwe ya Zanzibar na mbele ya Fort Jesus, arudi hapa, na akiulizwa alikotoka wazazi wake atajibu kwa simu, kwa kutelezesha kidole juu ya picha.

Tuje kwenye kile kinachopotea, maana ubaya wa mbio hauonekani mpaka ujue ulichokipita.

Kanisa la Westminster liko kwenye orodha zote, kwa nje. Ndani, katikati ya ukumbi, sakafuni, kuna kaburi la David Livingstone. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wa msafara, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga, na wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,000 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hakuna aliyewaagiza. Wangeweza kumzika pale pale na kurudi kwao. Mwili ukavushwa Zanzibar, ukapakiwa melini, ukazikwa hapo Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Jacob Wainwright, kijana aliyekuwamo katika msafara ule, alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Susi na Chuma wenyewe walifika Uingereza baada ya mazishi kwisha.

Jiwe la kaburi linataja mikono mitiifu iliyomleta kupitia nchi kavu na bahari. Majina ya wenye mikono haliyataji. Msomaji na awe na maoni yake kuhusu Livingstone na kuhusu yaliyofuata baada yake, nasi tuna ya kwetu. Lakini hili hatuoni kama linabishaniwa: kwamba Mswahili anayefika mlangoni pa jengo hilo, akapiga picha ya minara na kuondoka, amepita kwenye mlango wa habari inayomhusu kuliko karibu kila mtalii aliyesimama kwenye foleni ile. Kama hakuna mtu mwingine wa kuyataja majina ya Susi na Chuma juu ya jiwe lile, basi na tuyataje sisi. Inahitaji dakika tano na sauti ya chini. Na ni kweli kuingia kwa matembezi ni kwa kulipa, tena si haba. Ndiyo sababu ya kuingia na kukaa, ukaacha kulipia gurudumu.

Au Oxford Street, mwisho wa ratiba, ambako kila mtu anakimbilia zawadi. Mwendo wa dakika chache kutoka kwenye maduka hayo, katika Soho, upo mtaa wa Broadwick Street, ambao zamani uliitwa Broad Street. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu hapo katika muda wa siku chache. Madaktari wengi wa wakati huo waliamini kinaletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow alizunguka akiuliza nyumba kwa nyumba maji wanateka wapi, akaona vifo vinazunguka pampu moja ya maji, akawashawishi wakuu wa mtaa waitoe mpini wake. Leo pamesimamishwa mfano wa pampu hiyo. Ni kitu kidogo, cha chuma, hakina kiingilio wala foleni. Mgeni anayetoka kwenye mji ambao masika yakija redio inatangaza watu wachemshe maji, huyo hahitaji kuelezwa mara mbili maana ya pampu ile. Lakini nani anampeleka? Mita chache tu, na begi la zawadi limeshajaa.

Watu wetu hawakuwa hivi siku zote. Katika mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, na ndani yake mna habari iliyoandikwa kwa Kiswahili na Salim bin Abakari kuhusu safari yake ya Urusi na Siberia. Huyu hakuwa mtalii. Alikwenda akiwa katika utumishi wa Mjerumani, ratiba haikuwa yake, na lugha za huko zilikuwa ngeni kwake. Hata hivyo alitazama, akawaeleza watu aliowakuta na desturi zao, akatuachia maandishi ambayo zaidi ya miaka mia baadaye bado yanasomwa. Hakuwa na kamera mfukoni, alikuwa na macho na subira. Leo sisi tuna simu zenye nafasi ya picha elfu kumi, na ukimwomba mtu aliyetoka kuzuru mji aandike ukurasa mmoja kwa ajili ya jarida hili, anasema hana la kuandika.

Kukosoa bila kupendekeza ni kazi rahisi, kwa hiyo tunapendekeza siku moja, kwa wasiojua waanzie wapi.

Anzia Westminster asubuhi, ndani, kwa jiwe lile tulilolitaja. Toka nje, itazame saa, simulia habari ya sarafu. Kisha shuka hadi mtoni na tembea polepole kuelekea mashariki kwenye barabara ya Victoria Embankment. Mgeni wako atadhani anatembea kando ya mto tu. Mwambie kwamba anatembea juu ya kazi kubwa ya uhandisi. Kiangazi cha 1858 mto Thames ulinuka kwa uchafu wa mji kiasi kwamba Bunge lenyewe lilishindwa kuvumilia, na wabunge wakakubali haraka kutoa fedha. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mtandao wa mifereji mikubwa ya majitaka chini ya mji, na ukingo huu, uliofunguliwa mwaka 1870 kwenye ardhi iliyoporwa kutoka mtoni, umebeba mfereji mmojawapo ndani yake. Karibu na daraja la Hungerford kuna sanamu yake ndogo ukutani. Watu wanaipita kwa maelfu.

Endelea kidogo ufike kwenye Cleopatra's Needle, nguzo ya jiwe iliyotoka Misri na kusimamishwa hapo mwaka 1878. Jirani yake kuna viti vya kukalia ambavyo mikono yake ya chuma imefanyizwa kwa sura ya ngamia waliopiga magoti. Kaa hapo. Toa maandazi na chupa ya chai uliyobeba kutoka nyumbani, maana chai ya madukani ni ghali na haina iliki. Mtazame mama akimtazama ngamia, na mto ukipita. Kutoka ulipoanzia hadi hapo ni kama kilomita moja na nusu, bila ngazi za treni hata moja. Ukikaa saa nzima hakuna atakayekufukuza.

Hiyo ndiyo siku. Baada ya hapo, kama nguvu zipo, jambo moja jingine, na liwe chaguo la mgeni. Muulize kabla hajafika, kwa simu, anapenda kuona nini. Usimwambie atakachokiona. Aliyekuwa fundi cherehani huenda anataka kuona vitambaa kuliko kasri. Mwalimu mstaafu huenda anataka kuingia maktaba. Aliyelima maisha yake yote huenda anataka kuona soko na kujua nyanya inauzwaje. Kuna wazee waliotamani jambo moja dogo kabisa, kumwona mwanao mahali anapofanyia kazi, na jambo hilo halimo kwenye ratiba ya mtu yeyote.

Na hapa tunafika kwenye jambo ambalo tumelibakiza makusudi, kwa kuwa linauma. Tumekaa nchi hii miaka mingi, tumewaona wageni wengi wakija na kuondoka, na tunaamini kwamba mbio hizi haziletwi na uhaba wa muda peke yake. Zina faida kwa mwenyeji. Mtu anayekimbia haulizwi maswali. Mzazi na mtoto ambao hawajaonana miaka kumi na mitano wakikaa pamoja kwenye kiti kimoja kwa saa nzima, maneno yatakuja. Mama atauliza kwa nini hukuja kwenye msiba wa baba yako. Atauliza kuhusu shahada uliyoitafuta na kazi unayoifanya, kuhusu ndoa, kuhusu wajukuu wasiomwelewa anapoongea. Mahali 8 kwa siku ni kinga nzuri sana dhidi ya maswali hayo. Kila yanapokaribia, treni inafika.

Lakini mama hakupanda ndege kwa ajili ya gurudumu. Alikuja kumwona mtoto wake. London ni kisingizio tu, tena kisingizio kizuri, cha kukaa mahali pazuri na kuongea. Ukimkimbiza siku nzima umemnyima vyote viwili, mji na mtoto. Na siku simu itakapolia usiku kutoka nyumbani, kama inavyowalilia wengi wetu, hutajuta kwamba hakuiona Tower Bridge. Utajuta saa ile mliyoweza kukaa, mkapanda treni.

Basi ndugu wasomaji, ombi letu kwa jumuiya ni dogo. Kila msimu wa wageni, chukua ratiba uliyoiandaa na uifute robo tatu. Kilichobaki kijue kabla ya siku yenyewe: soma kurasa mbili, uliza, pita hapo mwenyewe ukitoka kazini. Mwenyeji asiyejua anachokionyesha anashika kamera tu. Beba chai. Tafuta kiti kabla ya kutafuta picha. Na mama akisema "twende tu", usimwamini. Mwambie, "Mama, hatuna tunapokwenda. Hebu tukae."

Wenye maoni tofauti tunawakaribisha watujibu kwa kalamu katika toleo lijalo. Tunachoomba ni kwamba majibu yao yaje na hesabu.